Kulidhibiti gugu la blakigrasi kwa mazao ya machipuko: mwongozo kamili kwa shamba la ngano

Mashariki mwa Uingereza, kuanzia Essex hadi Lincolnshire, gugu linalowanyima usingizi wakulima wa ngano ni blakigrasi (Alopecurus myosuroides). Ni nyasi ya mwaka mmoja yenye masuke membamba ya rangi ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi, na mwezi Juni masuke hayo huchomoza juu ya ngano utadhani ndiyo yaliyopandwa. Usugu wake dhidi ya dawa uligunduliwa kwanza nchini Uingereza mwaka 1982. Tangu hapo dawa zimekuwa zikija na kuishiwa nguvu: isoproturoni iliondolewa sokoni mwaka 2009, na mesosulfuroni, iliyopokelewa mwaka 2003 kama mkombozi, leo haigusi kitu katika mashamba mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba gugu hili sugu linaigharimu Uingereza tani 800,000 za ngano na pauni milioni 400 kila mwaka.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia, anayefanyia kazi au anayesomea kilimo cha aina hiyo: udongo mfinyanzi mzito, ngano ya baridi ikiwa zao kuu, na magugu ya nyasi yaliyoshinda dawa. Silaha yenyewe ni zao la kukatiza, yaani zao lisilo ngano linaloingizwa katikati ya mzunguko, likipandwa Machi au Aprili badala ya Septemba au Oktoba.

Kwanza elewa kinachofanya kazi

Takriban asilimia 80 ya mbegu za blakigrasi zinazoota kwa mwaka huota majira ya mapukutiko, kati ya Agosti na Oktoba. Ngano ya baridi hupandwa katika kipindi hichohicho, kwa hiyo gugu na zao huamka pamoja, hukua pamoja, na dawa inalazimika kumbagua mmoja na kumwacha mwenzake. Ukisogeza upandaji hadi Machi, sehemu kubwa ya gugu inakuwa imeshaota kwenye ardhi isiyo na zao. Hapo unaliua kwa glaifoseti, dawa inayoua mimea ya kila aina, bila kubagua chochote.

Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo Peter Lutman na Stephen Moss wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, walijumlisha matokeo ya majaribio mengi ya shambani. Kupanda ngano wakati wa machipuko badala ya mapukutiko kulipunguza mimea ya blakigrasi kwa wastani wa asilimia 88. Kulima kwa plau ya kupindua udongo kulipunguza kwa asilimia 69. Kuchelewesha ngano ya baridi kutoka Septemba hadi mwisho wa Oktoba kulipunguza kwa takriban nusu. Hakuna mbinu nyingine ya kilimo iliyoikaribia ile ya kwanza.

Asilimia 88 si zote, hata hivyo. Chukua shamba lenye mimea 500 ya blakigrasi kwa kila mita ya mraba. Ukiondoa asilimia 88, unabaki na mimea 60. Mmea mmoja wenye nafasi hutoa masuke kadhaa, na kila suke hubeba mbegu 100 hivi. Ukiiacha mimea hiyo 60 imwage mbegu, mwaka mmoja wa jitihada umekwenda bure. Ndiyo maana wataalamu husema udhibiti wa jumla unapaswa kufika asilimia 95 hadi 97 kwa mwaka, angalau gugu lisiongezeke.

Upande mwingine una habari njema. Mbegu za blakigrasi hazidumu sana ardhini: kila mwaka asilimia 70 hadi 80 ya akiba hufa au huota. Mbegu 1,000 zisipoongezewa hata moja, baada ya mwaka hubaki 250 hivi, baada ya miaka miwili 60, baada ya mitatu 15. Kazi yako yote, basi, ni kuzuia mbegu mpya zisirudi ardhini kwa miaka miwili au mitatu mfululizo. Zao la machipuko ni njia ya kufika huko, na mkulima anayelipanda mwaka mmoja tu halafu akarudi mbio kwenye ngano atavunjika moyo.

Hatua ya 1: Jua una gugu gani, na liko wapi

Tembea shamba mwezi Juni, masuke yakiwa yamechomoza. Weka alama kwenye ramani ya simu au ya karatasi: maeneo safi, yenye madoa, yaliyojaa. Kabla ya mavuno, mwezi Julai, kusanya mbegu zilizokomaa zipelekwe maabara zipimwe usugu. Gharama yake ni ndogo kuliko kunyunyizia dawa isiyoua.

Tambua aina kwa uhakika, kwa sababu mwongozo huu haufai sawasawa kwa magugu yote ya nyasi. Bromi tasa (Bromus sterilis) huota karibu yote mapukutiko na mbegu yake haiishi muda mrefu, hivyo zao la machipuko likiungana na plau huimaliza. Nyasi rai ya Italia (Lolium multiflorum) nayo hupungua, ingawa huota kwa kipindi kirefu zaidi na nyingine hukusubiri hadi Machi. Oti-mwitu ya kawaida (Avena fatua) ni kesi tofauti: huota mapukutiko na machipuko pia, na ukitegemea tarehe ya kupanda peke yake itakucheka. Kwa hiyo chagua zao linaloruhusu dawa ya nyasi, na ng'oa kwa mikono iliyobaki.

Hatua ya 2: Panga mzunguko kabla ya kununua mbegu

Kwa shamba lenye madoa tu, mzunguko kama huu unatosha: ngano ya baridi, maharagwe ya faba ya machipuko, ngano ya baridi, kisha shayiri ya machipuko. Kwa shamba lililojaa, weka mazao mawili ya machipuko yakifuatana, kwa mfano shayiri halafu maharagwe au kitani, ndipo ngano irudi. Mimi huwa napenda kuanza na shayiri kwenye shamba baya, kwa sababu inakandamiza gugu vizuri zaidi. Maharagwe yakija mwaka wa pili hukuta kazi nusu.

Hesabu pia nafasi za magonjwa. Njegere na maharagwe ya faba hayapaswi kurudi shamba moja kabla ya miaka mitano au sita, la sivyo kuoza kwa mizizi kutakuadhibu kuliko gugu. Ukijaza mzunguko wako mikunde kwa sababu ya blakigrasi, umehamisha tatizo.

Hatua ya 3: Baada ya kuvuna ngano, amua kuhusu plau

Hapa ndipo watu wengi hukosana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbegu mpya za blakigrasi humwagika Julai, kabla kombaini, yaani mashine ya kuvunia, haijaingia. Zinalala juu ya udongo. Blakigrasi huota ikiwa katika sentimita 5 za juu tu. Basi una njia mbili, na hazichanganywi.

Njia ya kwanza ni kuziotesha na kuziua. Pitisha haro nyepesi (zana ya kuvunjavunja udongo wa juu) isiyozidi sentimita 5, au usiguse kabisa kama mabua yametapakaa vizuri, halafu pitisha rola ili mbegu ishikane na udongo. Subiri mvua. Hali ya hewa ya Juni na Julai inakueleza mapema: mbegu zilizokomaa wakati wa joto na ukame huwa na usingizi mfupi na huota haraka, zile zilizokomaa kwenye ubaridi na mvua husuasua hadi Oktoba na kuendelea. Kwa kuwa hupandi mpaka Machi, usingizi mrefu si msiba kwako kama ulivyo kwa jirani anayekimbilia ngano Septemba.

Njia ya pili ni kuzizika. Plau ya kupindua kwa sentimita 20 hadi 25 hutupa mbegu mpya chini na kuleta juu udongo wa zamani. Inafaa pale mwaka huu mbegu zilizomwagika ni nyingi mno na shamba halijapinduliwa kwa miaka mitano hivi. Ikiwa ulilipindua juzijuzi, utafukua ulichozika. Na ukishazika, plau ikae bandani miaka minne au mitano ili mbegu zife huko chini.

Kwenye udongo mfinyanzi, plau ifanye kazi Oktoba au Novemba, kabla ardhi haijalowa. Mabonge makubwa yasikutishe, baridi kali ya Desemba na Januari itayapasua. Kulima mfinyanzi mwezi Februari ni kujitengenezea matofali.

Hatua ya 4: Zao la kufunika udongo, kwa tahadhari

Wengi hupanda oti nyeusi, fasilia au haradali mwezi Agosti ili udongo usikae wazi majira ya baridi. Mizizi hulegeza udongo na kunyonya maji, na mbolea ya naitrojeni haioshwi na mvua. Ila usilipande ukidhani linaua blakigrasi. Halifanyi hivyo; wakati mwingine huificha tu, na chini ya majani mazito unakuta miche iliyokingwa na dawa. Panda kwa msongamano mdogo, na kwenye udongo mzito liue mapema, Desemba hadi Januari, ili upepo na jua vikaushe uso kabla ya Machi. Ukiliacha hadi wiki ya kupanda, utakuta tope chini ya blanketi la majani.

Hatua ya 5: Glaifoseti kwa nidhamu

Subiri miche iwe na majani mawili au zaidi. Yenye jani moja haijabeba eneo la kutosha kupokea dawa. Kwa miche midogo kipimo cha gramu 540 za kiambato kwa hekta kinatosha. Ikishaanza kutoa machipukizi ya pembeni panda hadi 720. Soma lebo ya dawa uliyonayo, maana nguvu za chupa hutofautiana. Usinyunyizie kwa kasi ya kuwahi chakula: zaidi ya kilomita 12 kwa saa matone hupeperuka na miche iliyosimama wima hukosa.

Usiinyunyizie zaidi ya mara mbili kati ya mavuno na kupanda. Mche ulionusurika dawa ya kwanza haupaswi kupewa nafasi ya kujaribu ya tatu. Ukatwe kwa chuma au ung'olewe. Hili si nadharia tena, kwani mwaka 2025 ilithibitishwa nyasi rai ya Italia yenye usugu dhidi ya glaifoseti huko Kent, ya kwanza nchini Uingereza. Siku blakigrasi ikifuata mkondo huo, mbinu yote ya machipuko inapoteza mguu wake mmoja.

Hatua ya 6: Panda bila kuamsha udongo

Siku yenye hatari kuliko zote ni siku ya kupanda. Umeua gugu kwa miezi mitano, halafu unaingia na haro nzito, unageuza sentimita 10 za udongo, na mbegu mpya zinaletwa kwenye mwanga na joto la machipuko. Zinaota pamoja na zao lako. Kosa hili ndilo linalofanya mtu aseme "nilijaribu machipuko hayakufaa kitu".

Kwa hiyo maandalizi ya udongo yaishe kabla ya majira ya baridi. Machi ingiza mashine ya kupandia ya visahani, inayopasua mfereji mwembamba na kuufunga. Ya meno hukoroga zaidi. Ikiwa lazima ulainishe kitu, pita juujuu mno. Glaifoseti ya mwisho iwe siku chache kabla ya mbegu kuingia.

Kuhusu tarehe, usikimbizwe na jirani. Udongo uwe umekauka kiasi cha kuvunjika mkononi na joto lake limefika nyuzi 5 na linapanda. Maharagwe ya faba huanza mwishoni mwa Februari hadi Machi, shayiri Machi, njegere Machi hadi mwanzo wa Aprili, kitani na bitiruti ya sukari kati ya Machi na katikati ya Aprili. Mahindi ya lishe husubiri mwisho wa Aprili au Mei. Kila wiki unayosubiri hukuonyesha blakigrasi zaidi ya kuua, lakini kila wiki pia hukata mavuno, hasa ya maharagwe, yanayohitaji unyevu wa mapema.

Hatua ya 7: Chagua zao kwa jinsi linavyopigana

Shayiri ndiyo mpiganaji mkubwa. Huota haraka, hufunika ardhi, na ikipandwa nene, mbegu 350 hadi 400 kwa mita ya mraba au zaidi kwenye shamba chafu, blakigrasi chache inayoota hubaki nyembamba yenye masuke machache. Udhaifu wake ni kwamba dawa za nyasi ni chache ndani yake, na kwa kuwa ni nafaka haivunji ugonjwa wa mizizi wa ngano. Oti huuvunja ugonjwa huo na hupigana vizuri, ila dawa za nyasi ndani yake ni kama hazipo. Panda oti pale tu ulipojiridhisha kwamba ardhi ilikuwa safi siku ya kupanda.

Maharagwe ya faba yanapenda mfinyanzi, huacha naitrojeni kwa ngano inayofuata, na huruhusu dawa za pendimethalini na imazamoksi kabla ya kuota pamoja na dawa za nyasi baadaye, pale ambapo gugu lako halijawa sugu kwazo. Lakini hayafuniki ardhi hadi Mei, na hapo katikati kila mche uliookoka hula jua bure. Lenga mimea 40 hadi 50 kwa mita ya mraba na usipunguze ili kuokoa pesa ya mbegu. Soko zuri ni la chakula, kwa miaka mingi likielekea Misri kwa ajili ya ful, chakula cha maharagwe hayo, lakini mdudu anayetoboa mbegu akizidi, mzigo wako unaishia kuwa chakula cha mifugo kwa bei ya chini.

Njegere zinafaa udongo mwepesi zaidi. Hulala chini zikikaribia kuiva, gugu likasimama juu yake, na kombaini inachota mawe. Kwenye mfinyanzi wenye blakigrasi nyingi mimi nisingezipanda.

Kitani ni zao la wavumilivu. Hupandwa kwa kuchelewa, jambo ambalo ni faida, hukubali dawa kadhaa za nyasi, halihitaji mbolea nyingi. Lakini linapigana kidogo, mavuno huzunguka tani moja na nusu hadi mbili kwa hekta, na mabua yake yenye nyuzi hujifunga kwenye mitambo ya kombaini. Bitiruti ya sukari hupandwa kwa mistari, hivyo unaweza kupalilia kwa mashine. Tatizo lake ni mavuno ya Novemba na kuendelea, malori juu ya udongo uliolowa, na ngano inayofuata kuingia kwenye ardhi iliyoshindiliwa. Mahindi hukupa muda mrefu kuliko yote wa kuua gugu, kama una ng'ombe au kiwanda cha gesi itokanayo na mimea cha kuyapokea.

Msomaji wa Narok au Timau nchini Kenya anayelima ngano kubwa atauliza kama haya yanamhusu. Kwa sehemu. Nyanda hizo hazina majira ya baridi yanayotenganisha makundi ya magugu; nyasi huota na mvua, ngano ikiota na mvua hiyohiyo. Kwa hiyo faida ya tarehe ni ndogo, na kinachobaki ni kuotesha gugu kwa mvua za mwanzo na kuliua kabla ya kupanda, pamoja na zao la majani mapana kama kanola au njegere linaloruhusu dawa za kundi lingine.

Hatua ya 8: Mei na Juni, usiache suke likomae

Blakigrasi iliyoota ndani ya zao la machipuko huwa dogo, na hilo hudanganya macho. Pita shambani katikati ya Mei. Madoa mazito yanyunyizie glaifoseti pamoja na zao lililomo, kabla ya wiki ya kwanza ya Juni kuisha, kwa sababu kufikia nusu ya pili ya Juni mbegu zimeanza kuwa hai. Inauma kuua shayiri nzuri. Piga hesabu ya doa la mita 20 kwa 20 dhidi ya mbegu zitakazosambazwa na kombaini shamba zima.

Mimea iliyotawanyika ing'olewe kwa mkono, itiwe kwenye mfuko na itolewe nje ya shamba. Iliyong'olewa na kuachwa kwenye mstari hukomaza mbegu ikiwa imelala. Kazi hii ina maana pale tu idadi ni ndogo. Kwenye shamba lililojaa utalipa vibarua bure.

Hatua ya 9: Kurudi kwenye ngano

Rudi kwa ngano ikiwa Juni ulihesabu blakigrasi kwa shida. Ikiwa bado iko kila mahali, panda zao jingine la machipuko; ngano ya haraka itakurudisha mwanzo. Ukirudi, panda mwishoni mwa Oktoba, kwa wingi wa mbegu, na aina inayotambaa na kufunika ardhi mapema. Aina za ushindani zimeonekana kupunguza masuke ya gugu kwa asilimia 22 hivi. Dawa za kabla ya kuota zenye flufenaseti ziwahi ndani ya saa 48 baada ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Usitie plau.

Kuhusu pesa, usilinganishe mwaka mmoja na mwaka mmoja. Ngano ya baridi Uingereza hutoa tani 8 hivi kwa hekta na maharagwe ya faba tani 3 hadi 4, na ukitazama hivyo tu hutapanda machipuko kamwe. Linganisha mzunguko mzima: dawa za blakigrasi ambazo hukununua, naitrojeni iliyoachwa, na ngano ya mwaka wa tatu ikilinganishwa na ile iliyokuwa ikisongwa na gugu.

Hatua ya 10: Usirudishe mbegu kwa mlango wa nyuma

Vuna mashamba safi kwanza, machafu mwisho. Kombaini ya kukodi isiingie kabla haijapulizwa kwa kompresa, kuanzia kichwa cha kukatia hadi tangi la nafaka, na ukiweza simama pale mwenyewe. Mabua ya kununua na samadi inayotokana nayo hubeba mbegu za blakigrasi. Mwagiza mbegu za kupandia aombe zilizopimwa hazina hata punje moja ya gugu hili, na kingo za shamba zikatwe kabla ya Juni kuingia.